Mnayoyapiga Dawa Ndiyo Tunayoyala: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Mtaa Wetu

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote,
Kamati ya Usimamizi wa Mtaa,
Kisauni, Mombasa.

KUH: DAWA YA MAGUGU INAYOPIGWA KWENYE VIWANJA VYA MTAA

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwa wenzetu wasio Waislamu, salamu za heshima na za ujirani mwema.

Naandika hadharani kwa sababu njia za faragha zimeniishia. Nilipoleta lalamiko hili kwa mdomo, Katibu aliniambia niliandike. Nikaliandika, nikalipeleka ofisini, likagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilipofuatilia nikaambiwa liko kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema liko kwa mwanakandarasi. Mwanakandarasi naye akasema yeye hufanya alichoagizwa na kamati. Kwenye mkutano wa wakazi jambo likasukumwa hadi kwenye "mengineyo", na mengineyo yalipofika adhana ya magharibi ilikuwa imeshalia na viti vimeanza kukusanywa.

Sina chuki na mtu. Nyote nawajua, na baadhi ya watoto wenu nimewafundisha somo la kilimo kabla sijastaafu. Kazi ya kamati haina mshahara wala ahsante, na taa za njiani zinawaka kwa juhudi zenu; hilo nalisema kila ninapokaa. Lakini hili la dawa haliwezi kungoja mkutano mwingine.

Jambo lenyewe ni hili. Mvua zikinyesha, viwanja vilivyo wazi kati ya majumba, ukanda wa nyuma kando ya ukuta, na kingo za mtaro mkubwa huota majani. Zamani vijana wa mtaa walikuwa wakiyafyeka. Tangu kazi ipewe mwanakandarasi, hupita watu wenye pampu za mgongoni wakapuliza dawa, na wiki mbili baadaye pote pamekuwa rangi ya majivu. Kwenye ripoti yenu mmeandika "usafi wa mazingira". Mlichokisafisha, waheshimiwa, ni mboga ya jioni ya nyumba nyingi humu mtaani, na mmeipiga dawa bila kumwambia mtu.

Yanayonikera ni haya:

1. Mboga iliyopigwa dawa haionyeshi kwamba imepigwa.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na hata mkiyaacha mengine yote naomba hili mlisome polepole. Chupa moja tupu iliyotupwa kando ya mtaro ilikuwa bado na lebo yake, na kiambato kilichoandikwa ni glaifoseti. Kemikali hiyo iligunduliwa kuwa inaua mimea na mwanakemia John Franz wa kampuni ya Monsanto mwaka 1970, ikaanza kuuzwa mwaka 1974, na leo ndiyo inayotumika kuliko zote duniani kwa kazi hiyo. Sifa yake ni kwamba haiunguzi jani papo hapo. Huingia kupitia kwenye jani, ikasafiri ndani ya mmea mpaka mizizini, ikauzuia usitengeneze baadhi ya asidi amino ambazo bila hizo hauwezi kukua. Mmea hufa taratibu kwa kukosa kitu ndani, huku nje umesimama. Kwa mimea laini ya msimu mmoja huchukua siku kadhaa kabla ya umanjano kuonekana; kwa mimea migumu huzidi wiki.

Niliufuatilia mnavu mmoja ulioota chini ya ukuta wa nyuma, palipopulizwa mbele ya macho yangu. Kesho yake asubuhi ulikuwa na umande, majani mapana na laini, vitunda vya kijani vimening'inia kwa vishada vidogo. Keshokutwa ulikuwa vilevile. Kisha zile ncha changa za juu, ambazo mchumaji yeyote huzikata kwanza, zikaanza kupauka, zikawa manjano inayokaribia weupe, huku majani ya chini yangali mazima. Kabla ya hapo, mtu asiyejua angeuona mzuri kuliko ule unaolala kwenye magunia sokoni Kongowea.

Na wasiojua walipita. Jirani yangu mmoja, bibi anayelea wajukuu, alijaza kikapu jioni ya siku ileile iliyopigwa dawa asubuhi, kwa kuwa asubuhi hakuwapo. Hapakuwa na kibao wala kamba, na mlinzi wa getini hakuambiwa amwambie mtu. Mimi ndiye niliyemsimamisha mlangoni kwake, na kuimwaga ile mboga ilikuwa shughuli, maana aliniona namtilia fitina chakula chake.

Mkulima akipiga dawa shambani, lebo humwambia angoje muda gani kabla ya kuvuna. Kwa njia za miguu na kingo za mitaro hakuna muda wa kungoja, kwa kuwa aliyeandika maelekezo hakutarajia mtu ale kinachoota hapo. Sisi tunakula. Hesabu ya usalama iliyofanywa kwenye karatasi haikutuhesabu sisi.

2. Mnachokiua kina thamani, na wengi wenu mmekulia juu yake.

Ukikata jani la mchunga hutoka utomvu mweupe unaonata vidoleni na kuacha weusi usiotoka kwa sabuni ya kwanza. Uchungu wake ndio unaoupa jina na ndio wapenzi wake wanaoufuata. Kina mama wa Kigiriama na Kidigo humu mtaani huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, wakaukamua, kisha wakaurudisha mekoni na kitunguu na nyanya, likaja tui jepesi, na mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, kasimile. Wengine huuchanganya na mchicha au majani ya kunde ili uchungu ulegee. Kwa sima na kipande cha papa mkavu, hicho ni chakula cha kumtengea mgeni, wala si cha kuonea haya.

Majirani waliotoka bara huupita mchunga bila kuugusa wakaenda moja kwa moja kwenye mnavu na mgagani. Mchicha wa porini hauna kabila, kila mtu anautaka, hata ule wa miba, ilimradi uchumwe mchanga. Kishonanguo huliwa kabla hakijaanza kutoa mbegu za kukwama nguoni. Na kuna kile kinachotambaa chini kando ya mawe, shina jekundu, majani madogo manene yaliyojaa maji, Portulaca oleracea kwa jina la kitaalamu. Wengi wetu tunakikanyaga. Kina mafuta ya omega-3, aina ambayo ni nadra kuipata kwa wingi kwenye mboga za majani, na huko Ugiriki na Uturuki watu hukikatia kachumbari.

Mchicha na mnavu vina beta karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na vina chuma, kalsiamu na vitamini C. Beta karotini haifyonzwi vizuri mpaka ipate mafuta. Tui linaifanya kazi hiyo. Chuma cha majani nacho hufyonzwa vyema zaidi kikikutana na vitamini C. Ndio maana ya ile ndimu inayokamuliwa mezani. Bibi zetu walifika hapo bila maabara.

Serikali yetu yenyewe inajivunia mboga hizi. Mwaka 2021, UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kuendeleza vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Taifa linapigiwa makofi ugenini kwa kulinda kitu ambacho kamati ya mtaa inalipia kiangamizwe.

Halafu kuna suala la mfuko, ambalo watu wazima hawapendi kulitaja mbele ya wengine. Kuna nyumba humu zinazotegemea kibarua cha bandarini na cha ujenzi. Siku kazi haikupatikana, au mwezi umekatika, unga hukopwa dukani lakini mboga hutoka uwanjani. Sitazitaja nyumba hizo, nanyi mnazijua.

Sisemi kila kiotacho huliwa. Mnanaha una sumu ya kutisha, na hata mnavu wenyewe vitunda vyake vibichi havitafunwi na majani yake hayaliwi mabichi. Wachumaji wanayajua haya, na wanawafundisha watoto kwa kuwaonyesha jani lenyewe pale lilipoota. Uwanja ukiwa mtupu, mtoto hana pa kufundishiwa.

3. Vijana wanaopiga dawa hawakupewa kinga.

Niliowaona walikuwa na ndara miguuni, mikono mitupu, na fulana imefungwa puani kwa kukosa barakoa. Pampu ya mmoja ilikuwa ikivuja mgongoni. Dawa waliikoroga kwa kijiti ndani ya ndoo, kando ya bomba la pamoja, pale mitungi yetu inapopangwa foleni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na neno "kibarua" halimpunguzii mtu haki hiyo.

Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Agosti 2018, mahakamani San Francisco, jopo la raia lilimpa ushindi dhidi ya Monsanto Dewayne Johnson, mgonjwa wa saratani aliyekuwa mtunza viwanja vya shule na kazi yake ilikuwa kupiga dawa ya namna hii. Fidia ya kwanza ilikuwa dola milioni 289. Baadaye ilipunguzwa hadi kama dola milioni 20, lakini ushindi wake ulibaki. Alikuwa mtu wa pampu, kama hawa wetu.

4. Maji.

Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu na nyufa, na nyumba nyingi upande wetu hutumia visima kwa kuwa maji ya bomba yana siku zake. Mwanakandarasi alinijibu kwamba glaifoseti hushikamana na udongo na haisafiri mbali. Ni kweli hushikamana na udongo, na nilimkubalia. Lakini yeye anaipiga juu ya saruji, kwenye nyufa za vijia na kingo za mtaro, mahali pasipo na udongo wa kuishika, na anaipiga msimu wa mvua. Ikinyesha usiku huo, inateremka mtaroni, na mtaro wetu unateremkia kwenye hori, kwenye mikoko na kaa.

Tena hiyo ni chupa yenye lebo. Ya pili niliyoikuta karibu yake ilikuwa imebanduliwa lebo. Niliuliza ilikuwa dawa gani. Mpaka leo nangoja.

5. Haki ya kuambiwa.

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 43 inataja haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Na Ibara ya 35 inampa raia haki ya habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine, si serikali peke yake, ikiwa habari hiyo inahitajika ili kulinda haki yake. Jina la dawa, kiasi kilichotumika, na siku ya kupigwa si siri ya ofisi.

6. Dawa yenyewe haimalizi kazi mnayoilipia.

Nendeni mkaangalie kiwanja cha karibu na geti la nyuma. Mchunga, mnavu na mchicha vimekwisha. Aliyerudi wa kwanza ni ndago. Ana vile viazi vidogo vyeusi chini ya ardhi, na vilivyolala wakati dawa inapigwa huamka baadaye kama hapakutokea kitu. Kwa hiyo mmelipa pesa kuondoa kinacholiwa na kuliachia nafasi gugu ambalo hata mbuzi halimfurahishi. Na kwa mbali zaidi: Marekani, jimbo la Georgia, mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba Amaranthus palmeri, ndugu wa mchicha wetu huu, alikuwa ameshaizoea glaifoseti na hafi tena kwayo. Wakulima wa pamba kule wakarudia kung'oa kwa mkono. Mchicha ulishinda, na ninakiri hilo lilinichekesha.

Najua mtakayojibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa vikaoni na ngazini.

Mtasema kuna nyoka. Naam, kuna nyoka, na hakuna mama humu anayetaka nyoka mlangoni. Lakini dawa haiondoi majani, huyakausha tu yakabaki yamesimama, na nyoka hujificha kwenye majani makavu sawasawa na mabichi. Isitoshe majani makavu yanashika moto. Fyekeo linayalaza chini siku hiyohiyo.

Mtasema kuna mbu. Mwisho wa mwaka 2017 na mwanzo wa 2018 mji huu uliugua chikungunya mpaka watu wakashindwa kupanda ngazi, na dengue nayo tunaijua. Mbu wa magonjwa hayo, Aedes, hutaga kwenye maji yaliyotuama: matangi yasiyofunikwa, tairi, vifuu, vikopo vya mtindi. Nyuma ya ofisi ya kamati kuna tairi tatu zimejaa maji wakati naandika haya. Anzeni hapo.

Mtasema dawa imesajiliwa na inauzwa dukani kihalali. Sijasema ni ya magendo. Usajili chini ya Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, Sura ya 346, huenda pamoja na maelekezo ya lebo, na lebo inataka glavu, inataka dawa isifike kwenye maji, inataka chupa tupu zisitupwe ovyo. Anayevunja lebo hawezi kujifunika kwa usajili.

Kuna mmoja wenu, msomi, aliyenijibu kwamba hata nyama nyekundu IARC imeiweka kwenye kundi hilohilo, na kwamba wakaguzi wa Ulaya na wa Marekani hawakukubaliana na IARC. Yote mawili ni kweli, na Umoja wa Ulaya uliongeza kibali cha glaifoseti kwa miaka 10 mwaka 2023. Wataalamu wana haki ya kubishana. Lakini nyama naiendea buchani kwa miguu yangu, nikaichagua, nikailipia. Hii dawa mmeiweka kwenye sufuria ya jirani yangu bila yeye kujua. Hata ingekuwa asali, mtu huambiwa kabla ya kutiliwa kwenye chakula chake.

Mtasema mboga zipo sokoni, na bei si kubwa. Kwa mwenye mshahara si kubwa. Na zile za sokoni nyingi zimesafiri kutoka bara usiku kucha. Za uwanjani huchumwa dakika chache kabla ya sufuria kuchemka.

Lililobaki ni lile la sura ya mtaa, kwamba wapangaji wapya hawapendi kuona majani. Hili linanishangaza kwa watu wa Mombasa. Hapo Bamburi, mwaka 1971, Rene Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu. Mvinje ulishika, lakini majani yake yaliyodondoka hayakuoza, mpaka alipowaleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo watu hupanda matatu, wakalipa kiingilio, wakaenda kupiga picha kwenye msitu huo siku ya Idi. Majani wanayalipia Bamburi, nyumbani wanayakataa. Ardhi iliyoungua si nadhifu, na mvua kubwa ikija udongo wake unakwenda kuziba mtaro ambao mtalipa tena uzibuliwe.

Gharama nimeiacha makusudi kwa sababu hamjatuonyesha mkataba. Mkiuonyesha tutazungumza hesabu. Ninachojua ni kwamba vijana waliokuwa wakifyeka walikuwa wetu, na ile pesa ilikuwa ikinunua unga papa hapa mtaani.

Kwa hiyo, kwa heshima, tunaomba yafuatayo:

Kwanza, dawa ya magugu isipigwe tena kwenye viwanja, njia, ukuta wa nyuma na mitaro mpaka wakazi wakutane na kuamua, na jambo hili liwe la kwanza kwenye ajenda, si la "mengineyo".

Pili, mtutangazie kwenye ubao wa geti majina ya dawa zote zilizotumika tangu mwanakandarasi aanze, pamoja na ile ya chupa isiyo na lebo, tarehe na mahali zilipopigwa.

Tatu, kazi irudishwe kwa fyekeo na jembe, na vijana wa mtaa wapewe nafasi ya kwanza, wakiwa na buti na glavu. Mchunga haudhuriki kwa kufyekwa. Una mizizi inayotambaa na huchipua upya, tena majani ya chipukizi ndiyo matamu, kama neno hilo lafaa kwa mchunga.

Nne, ukanda wa ukuta wa nyuma, mbali na maegesho na mtaro wa maji machafu, uachwe uwe wa kuchumia. Kina mama wameshasema wataupalilia wenyewe, wang'oe mnanaha na ndago na kuacha kinacholiwa. Hawaombi senti.

Tano, ikitokea siku moja dawa ikalazimika, mathalani kwenye mti unaopasua msingi wa nyumba, tangazo litolewe siku 7 kabla, kwa Kiswahili, likiwa na jina la dawa, na vibao vibaki mahali pale mpaka majani yafe. Mlinzi wa getini aambiwe, na msikitini na kanisani papelekwe taarifa, kwa kuwa si kila mtu ana simu ya kusomea ujumbe.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 za kujibu ombi la habari. Nanyi nawapa siku 21 hizo kuanzia leo, ingawa barua ya kwanza yenye muhuri wenu imeshalala ofisini muda mrefu kuliko huo. Zikipita bila jibu la maandishi, nakala ya barua hii, picha za chupa na majina ya wakazi waliotia sahihi tutayapeleka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Na mkumbuke Ibara ya 70 ya Katiba haimtaki mlalamishi wa mazingira athibitishe kwamba mtu ameshapata hasara ndipo asikilizwe mahakamani.

Fomu ya sahihi iko dukani kwa muuza nazi, karibu na geti kuu. Mjumbe wa kamati anayetaka kutia yake, kalamu imefungwa kwa uzi hapohapo.

Wenu katika ujirani,

Mwalimu mstaafu na mkazi wa mtaa,
Kisauni, Mombasa.

Nakala: Mzee wa mtaa, Ofisi ya chifu, Ubao wa matangazo, geti kuu.